Mvinyo Mwekundu Hauishii kwa Cabernet: Zabibu Zisizojulikana na Namna ya Kuzielewa

Kwenye rafu za mvinyo za maduka makubwa ya Dar es Salaam, Arusha au Nairobi majina ni yale yale: Cabernet Sauvignon, Merlot, Shiraz, na Pinotage ya Afrika Kusini. Chupa yenye jina geni, iwe Tannat, Teroldego au hata Makutupora ya kwetu Dodoma, mnunuzi huichukua, huigeuzageuza, humuuliza muuzaji kama ni tamu au kavu, kisha huirudisha mahali pake. Vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Wapo wanaoamini mvinyo mwekundu hutiwa rangi. Wapo wanaosema ukiwa mweusi sana ndio mkali. Wapo pia wanaompelekea mama aliyejifungua, eti unaongeza damu. Na kila msimu wa mavuno tunasikia wakulima wa zabibu wa Dodoma wakilia na soko.

Mimi naona mambo hayo yameshikana. Mtu asiyejua kilichomo kwenye chupa hununua jina alilozoea kulisikia, na jina hilo kwa kawaida limetoka mbali. Makala haya hayamshawishi asiyekunywa aanze kunywa. Ni kwa ajili ya anayekunywa, anayepika, anayeuza, na yeyote anayetaka kujua kwa nini zabibu ya Dodoma inastahili kuheshimiwa kwa jina lake.

Zabibu ni nyingi, majina ni machache

Embe lina dodo, bolibo na sindano, na zabibu nayo ina aina zake, kila moja na tabia yake. Karibu mvinyo wote maarufu duniani hutokana na spishi moja ya mzabibu, Vitis vinifera, lakini ndani ya spishi hiyo aina zinazotengenezewa mvinyo zinazidi 1,300. Hata hivyo, shirika la kimataifa la zabibu na mvinyo, OIV, lilipochambua mashamba ya dunia mwaka 2017, zikiwemo zabibu za kula, lilikuta aina 13 tu zimechukua zaidi ya theluthi moja ya eneo lote, na aina 33 zimechukua nusu yake. Zilizobaki ndizo ninazoziita zisizojulikana. Hazijulikani kwetu, lakini kwao zina karne kadhaa za heshima.

Umaarufu wa zile chache una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo haihusiani na ladha. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo wa jamii ya karibu na vidukari, anayeitwa filoksera, aliingia Ufaransa kutoka Amerika Kaskazini na kuanza kula mizizi ya mizabibu. Mashamba yaliangamia nchi baada ya nchi. Dawa iliyopatikana ni kubebesha: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya hubebeshwa juu ya shina la mzabibu wa Amerika, ambao mizizi yake humvumilia mdudu yule. Lakini kupanda upya ni gharama, na mkulima anayepanda upya huchagua. Aina iliyozaa kwa taabu, au iliyochelewa kuiva, iliachwa ife. Baadaye likaja soko la kuuza nje, na wafanyabiashara wakapendelea majina machache ambayo mteja wa nchi yoyote angeyakumbuka.

Wekundu unatoka wapi

Kamua zabibu nyekundu mkononi na uangalie maji yake. Karibu kila mara hayana rangi. Wekundu umo kwenye ganda. Kiwandani zabibu hupondwa, na juisi yake, ambayo Dodoma huitwa mchuzi wa zabibu, huachwa ikae pamoja na maganda na mbegu wakati hamira inakula sukari na kuigeuza pombe. Kadiri mchuzi unavyokaa na maganda, ndivyo unavyovuta rangi, na pamoja na rangi unavuta kitu kingine kiitwacho tanini.

Tanini unaijua tayari. Tia majani ya chai kwenye maji ya moto na uyatoe baada ya dakika mbili: utapata chai nyepesi inayoteremka bila shida. Yaache robo saa, na chai hiyo hiyo itakuwa nyeusi na itakukausha ulimi na fizi. Ule ukakasi ndio tanini. Ukiongeza maziwa unapungua, kwa sababu protini ya maziwa huishika tanini kabla haijafika mdomoni mwako. Kwenye mvinyo, maganda ndiyo majani, na nyama unayokula nao hufanya kazi ya maziwa. Nitarudi kwenye nyama.

Kwa hiyo mvinyo mwekundu wa kweli hauna haja ya kutiwa rangi. Zipo hata zabibu chache ambazo nyama yake ya ndani nayo ni nyekundu: Alicante Bouschet, iliyozalishwa Ufaransa katika karne ya 19, na Saperavi ya Georgia, kule Kaukazi. Ukiona kibandiko kinataja rangi na ladha za kuongezwa, jua umeshika kinywaji cha namna nyingine.

Sasa lile swali la tamu au kavu. Mvinyo mkavu ni ule ambao hamira imekula karibu sukari yote. Mtamu umebakizwa sukari, au umeongezewa. Watu wengi huchanganya utamu na harufu ya matunda: wanavuta harufu ya zambarau au forosadi, wanasema "hii ni tamu," halafu wanaonja na kushangaa ulimi haukuti sukari yoyote. Wengine wanachanganya ukavu na ukali. Mvinyo unaokufanya ukunje uso unaweza kuwa na tanini nyingi, au una uchachu mwingi, au pombe imezidi. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja unalisikia mahali pake. Tanini hukausha fizi. Uchachu hukutoa mate pembeni mwa ulimi. Pombe hukupa joto kooni. Mtu akishajua kuyatenganisha matatu hayo, jina geni kwenye chupa halimtishi tena, kwa kuwa anaweza kuuliza swali la maana kuliko lile la tamu au kavu: tanini yake ikoje, na uchachu wake ukoje?

Rangi inavyodanganya

Zabibu ninayopenda kuitolea mfano ni Nebbiolo, ya kaskazini-magharibi mwa Italia, katika jimbo la Piemonte. Mvinyo wake maarufu ni Barolo. Uumimine kwenye glasi na utadhani umechujwa: mwekundu mpauko, unaona vidole vyako upande wa pili, na ukizeeka unaelekea rangi ya tofali. Harufu yake wajuzi huifananisha na waridi na lami. Halafu unaonja, na fizi zote zinakauka. Tanini yake na uchachu wake ni vya juu kiasi kwamba sheria ya Italia inautaka Barolo ukae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Anayesema "mweupemweupe, hauna nguvu" hajakutana nao.

Upande wa pili yupo Gamay wa Beaujolais, Ufaransa. Naye ni mwepesi wa rangi, lakini huyu kweli ni mpole: tanini kidogo, uchachu wa kuamsha, harufu ya matunda mekundu. Mwaka 1395 Mtawala wa Burgundy, Philippe aliyeitwa Jasiri, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika himaya yake, akiiita zabibu mbaya isiyofaa. Ilisukumwa kusini, kwenye vilima vya mawe ya matale, na huko ikapata kwao. Sehemu ya mvinyo wa Beaujolais hutengenezwa kwa kutia vichala vizima, bila kuviponda, ndani ya tangi lililojaa hewa ya ukaa. Uchachukaji unaanzia ndani ya punje yenyewe, na tanini kidogo sana hutoka kwenye ganda. Kwa nchi ya joto kama pwani yetu huo ni mvinyo wa kutafutwa, kwa sababu unakubali kunywewa ukiwa na ubaridi kidogo, tena na samaki.

Tannat ni kinyume cha yote hayo. Asili yake ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, eneo la Madiran, lakini leo ndiyo zabibu ya taifa la Uruguay, nchi ambayo watu wake ni wala nyama ya kuchoma wa kupindukia. Ni nyeusi, na ina tanini ya kujaza mdomo. Ukiunywa peke yake unaweza kuuchukia. Unywe na mbavu za mbuzi zilizotoka kwenye makaa na utaona ukakasi unayeyuka, kwa sababu tanini imepata protini na mafuta ya kushikana nayo badala ya fizi zako. Nyama choma yetu na Tannat havijakutana sana. Natamani vikutane.

Zabibu nyingine nazitaja kwa haraka, zikusaidie siku utakapoziona. Aglianico ya kusini mwa Italia ina tanini na uchachu vya kuvumilia miaka mingi. Xinomavro ya Naoussa, Ugiriki, ina tabia za Nebbiolo, na mara nyingi bei yake ni nafuu zaidi. Blaufränkisch ya Austria, ambayo Hungary huiita Kékfrankos, ina uchachu mzuri na harufu yenye pilipili manga. Saperavi niliyoitaja huko Georgia bado hutengenezwa na baadhi ya watu ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, utamaduni ulioingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kuwa vigae vya Georgia vya miaka takribani 8,000 iliyopita vina mabaki ya mvinyo. Nchi hiyo ilikuwa ikinywa mvinyo kabla ya kuwapo kwa Cabernet Sauvignon kwa maelfu ya miaka. Na Cabernet Sauvignon yenyewe ni mtoto wa bahati: uchunguzi wa vinasaba uliofanyika Chuo Kikuu cha California, Davis, na kutangazwa 1997, ulionyesha wazazi wake ni Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, ambayo ni zabibu nyeupe.

Jina moja zabibu mbili, zabibu moja majina matatu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, lakini fundo si gumu. Syrah na Shiraz ni zabibu moja. Ufaransa wanasema Syrah, Australia wanasema Shiraz, na Afrika Kusini utakuta yote mawili. Hadithi kwamba ilitoka mji wa Shiraz, Uajemi, inapendeza, ila vinasaba vimeikana: wazazi wake, Dureza na Mondeuse Blanche, wote ni wa kusini-mashariki mwa Ufaransa. Vilevile Zinfandel, ambayo Wamarekani waliihesabu kuwa yao, ni ile ile Primitivo ya Puglia, Italia, na mwaka 2001 ilithibitishwa kuwa ni zabibu ya zamani ya pwani ya Kroatia, huko inakoitwa Crljenak Kaštelanski. Ukipenda moja, umependa zote tatu.

Kisa cha Carménère kinagusa zaidi. Ilikuwa zabibu ya Bordeaux, Ufaransa, ikaachwa baada ya filoksera kwa sababu maua yake hupukutika kwenye baridi, na watu wakaihesabu imetoweka. Miche yake ilikuwa imekwishavuka bahari kwenda Chile katikati ya karne ya 19, ikapandwa ikichanganyika na Merlot, na wakulima wa Chile wakaivuna na kuiuza kama Merlot kwa zaidi ya miaka mia moja. Tarehe 24 Novemba 1994 mtaalamu wa Kifaransa Jean-Michel Boursiquot, akitembea shambani huko Chile, aliitazama mizabibu hiyo na kusema hii si Merlot. Leo Carménère ndiyo fahari ya Chile, inanukia pilipili hoho na viungo, na haiombi radhi kwa mtu. Zabibu ile ile, iliyokuwa imefichwa na jina la mwingine!

Mitindo isiyozoeleka

Zabibu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mikono. Eneo la Modena, Italia, wanatengeneza Lambrusco, mvinyo mwekundu wenye mapovu, na upo mkavu kabisa ingawa uliosambaa sana nje ni mtamu. Valpolicella, karibu na Verona, hukausha vichala vya Corvina na wenzake kwa miezi mitatu hadi minne kabla ya kuvikamua. Maji hupungua, sukari hukolea, na mvinyo unaotoka, Amarone, ni mzito na mkavu, pombe yake kuanzia asilimia 14 kwenda juu. Bonde la Douro, Ureno, hutoka Port: katikati ya uchachukaji humiminwa pombe kali ya zabibu, hamira inakufa, sukari inabaki. Matokeo ni mvinyo mtamu wenye pombe ya takribani asilimia 20. Anayedhani kila mvinyo mtamu ni mwepesi aangalie namba hiyo kwenye kibandiko kabla ya kujaza glasi.

Imani za mtaani

Mvinyo mwekundu hauongezi damu. Wekundu wake ni rangi ya ganda la tunda, hauna uhusiano na wekundu wa damu, na mtu mwenye upungufu wa damu anahitaji kupimwa na kutibiwa. Mjamzito hapaswi kunywa kabisa, na anayenyonyesha asipewe mvinyo kama tiba. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Tunywe kwa kupenda ladha, kwa kiasi, bila kusingizia dawa.

Imani ya pili ni kwamba mvinyo wowote ukiwekwa muda mrefu unakuwa bora. Mwingi unaouzwa madukani kwetu ulitengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, na ukiuweka juu ya kabati la jikoni lenye joto utaharibika tu. Vinavyodumu ni vile vyenye tanini na uchachu wa kutosha, navyo hutaka mahali pa baridi na giza.

Ya tatu inatuumiza sana sisi wa ukanda wa joto: eti mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari ni nyuzi 30 na zaidi, na katika joto hilo pombe inapanda puani na matunda yanapotea. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua. Kwa mvinyo mwepesi kama Gamay au Cinsaut, weka hata saa nzima. Chakula chenye pilipili nyingi nacho huchochea moto wa pombe, kwa hiyo pilau yenye kachumbari ya pilipili na Amarone ni ugomvi. Chagua mwepesi wenye ubaridi.

Dodoma ndani ya picha hii

Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, lakini imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ni kavu, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kutafuta blanketi. Ukavu huwapunguzia mizabibu magonjwa ya ukungu, na baridi ya usiku husaidia zabibu kutunza uchachu wake. Mzabibu ulioletwa na wamisionari Wakatoliki, Bihawana ikiwa miongoni mwa mahali pa mwanzo, ulikuja pamoja na haja ya altare: sheria ya Kanisa inataka divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika.

Kuna jambo moja ambalo Bordeaux hawawezi. Huko majira ya baridi huulaza mzabibu, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuongoza kwa kupogoa, na akipogoa kwa wakati anavuna mara mbili: kuelekea Machi, na tena Agosti na Septemba. Misimu hiyo miwili haifanani. Zabibu ya Machi imekulia kwenye mvua, ikipambana na ubwiri. Ya Agosti imekulia kwenye ukavu na umwagiliaji. Shamba moja, zabibu moja, mwaka mmoja, mivinyo miwili tofauti.

Zabibu nyekundu ya wakulima wadogo wa huko ni Makutupora, yenye jina la eneo la Makutupora ambako kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na hutengenezewa mvinyo mkavu na mtamu. Pamoja nayo zimepandwa Syrah, Aglianico, na mbili za kaskazini mwa Italia: Teroldego na Marzemino. Teroldego, ya Trentino chini ya milima ya Alpi, ina rangi nzito, uchachu wa kuchangamsha na tanini isiyochoma. Vinasaba vinaiweka ukoo mmoja na Syrah, na Marzemino ni mtoto wake. Hata mjuzi wa Ulaya huenda hajawahi kuionja nje ya bonde lake, ilhali sisi tunaivuna Dodoma.

Afrika Kusini walipita njia hii. Mwaka 1925 Profesa Abraham Izak Perold wa Stellenbosch alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, ambayo huko iliitwa Hermitage, akapata mbegu nne. Miche hiyo nusura ipotee bustanini. Chupa ya kwanza yenye jina Pinotage kwenye kibandiko iliuzwa 1961. Tangu hapo zabibu iliyodharauliwa na wengi ikawa na jina, na kwa kuwa na jina, mnywaji aliweza kuisifu, kuilaumu na kuidai iboreshwe.

Hapo ndipo ninapowageukia watengenezaji wetu. Chupa nyingi za Dodoma zina maneno "mvinyo mwekundu" na picha nzuri, basi. Kama ndani ni Makutupora, iandikwe Makutupora. Iandikwe mwaka, na iandikwe kama ni ya mavuno ya Machi au ya Agosti. Kama imechanganywa na mchuzi wa nje, nalo lisemwe. Muuzaji wa baa naye aweze kumjibu mteja tanini ikoje na uchachu ukoje. Ukikuta duka lina chupa mbili za Makutupora kavu kutoka viwanda viwili, zinunue zote, zipooze, alika ndugu wawili watatu na kilo mbili za mbuzi, mwonje moja baada ya nyingine kabla ya nyama na tena baada ya nyama. Kisha mwandikieni mtengenezaji mkimweleza mlichokikuta kwenye kila chupa.